Mashine Tuliyodhani Imekufa

Pale hospitali walimwita Subiri, na jina hilo hawakumpa kwa kumsifu. Ukimpigia simu kwamba kompyuta imeganda anakujibu, "Subiri." Daktari akija juu, "Subiri, daktari, usiizime." Hata wafagiaji, watu wasio na kompyuta wala haja nayo, wakimwona anakatiza uani walikuwa wanasemezana, "Huyoo, mama kesho." Na yeye anacheka nao. Hicho kicheko ndicho kilichokuwa kinaniudhi.

Ni mtoto wa mdogo wangu, yule mshonaji. Mimi ni mama yake mkubwa, nilimpakata hata kitovu hakijadondoka. Simsemi kwa sababu ni wetu. Namsema kwa sababu watu wamemsema wakamaliza, na waliomsema hawajui kitu, na mimi ninayejua nimefunga domo mwaka wa pili huu.

Alizaliwa mzito wa kila jambo. Kutembea, mwaka na nusu. Kuongea, mpaka tukaanza kunong'ona kwamba labda bubu. Choo chetu kilikuwa cha nje, mlango wa bati. Watoto wengine wanasukuma tu wanaingia. Yeye anabisha, anatega sikio, anabisha tena, anasimama pale na miguu kaibana. Siku moja nikamwambia, "Wewe, hakuna mtu humo, ingia."

"Mama mkubwa, sijasikia mtu akisema hayumo."

"Sasa asiyekuwemo atasemaje, kichaa wewe?"

Nyumba nzima ilicheka. Baba yake, Mungu amrehemu, akasema huyu atakuwa hakimu au atakuwa zuzu, tusubiri tuone. Hakuwa hakimu. Alikuwa na kichwa cha hesabu, akasoma mpaka chuo cha kompyuta, akarudi na miwani na mgongo uliopinda kama wangu. Akaolewa na fundi wa magari, mwanamume wa kelele. Miaka minne. Yule bwana akawa anasema sijui nimeoa mtu au nimeoa simu, maana simu ya kazini ikilia hata sahani iko mkononi anaiweka chini. Mwisho akabeba spana zake akaondoka. Subiri akarudi kwa mama yake, wakakaa wawili, huyu na cherehani, yule na kompyuta ya mapajani. Mtoto hawakupata. Hayo ndiyo maisha yake, mtu akikuuliza, na mpaka hapo hayana kosa lolote.

Sasa hiyo kazi yake. Mimi nilifagia masjala ya hospitali hiyohiyo miaka ishirini na sita, zama za makaratasi. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini majina nasoma. Masjala ilikuwa na sheria moja: ukitoa faili la mgonjwa kwenye rafu, unachomeka kibao cha mti mahali pake, na kwenye kibao kuna kikaratasi kinachosema nani kalichukua. Mwingine akija akakuta kibao, anasubiri, au anamfuata aliyelichukua. Hafungui faili jipya. Hiyo sheria hata sisi wa mafagio tuliijua.

Na nilishaona alichofanya mtu aliyeivunja. Karani mmoja, kichwa maji, alichoka kusubiri faili la mzee fulani, akamfungulia la pili. Kumbe la kwanza liko kwenye droo ya daktari, na juu limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba huyu asichomwe sindano ya namna fulani. Kwenye la pili hakuna wino mwekundu. Wakamchoma. Nilikipiga deki mwenyewe kile chumba. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuniambia sikujua.

Siku moja tunakula, nikamwuliza mwanangu, hivi ninyi mnafanya nini mle kwenye chumba chenu cha baridi? Akapanga sahani tatu kwenye mkeka na sufuria katikati.

"Hizi sahani ni seva, mama mkubwa. Mashine kubwa. Ndani ya kila moja wanakaa mashine wengine wasio na mwili, ishirini, thelathini. Kila mmoja anajiona ni kompyuta kamili."

"Hao ni majini."

"Majini wenye adabu. Seva moja ikifa, wanahamia kwa wenzake, kazi inaendelea. Ila mafaili yao wote yako humu." Akagonga sufuria. "Kabati moja la wote. Anayechukua faili anaweka alama yake juu, tunaiita kufuli, kama vibao vyenu. Halafu kila sekunde chache anaigusa ile alama. Kama mtu aliye chooni anavyokohoa watu wajue yumo."

"Kikohozi kikikatika?"

"Wenzake wanasubiri. Wanahesabu. Wakijua amekufa kweli, wanachukua faili."

"Na kama hajafa?"

Akaziangalia zile sahani. "Ndiyo hapo. Kama hajafa, wanaandika wawili kwenye ukurasa mmoja. Na ukurasa hakuna tena."

Mama yake akasema, "Toeni hivyo vyombo kwenye mkeka, tule." Tukala.

Shida ilikuwa asubuhi. Usiku ile mitambo ilikuwa inanakili mafaili yote, ili yakiharibika kuwe na nakala. Wagonjwa walipoongezeka, kunakili hakuishi usiku, kunaingia mpaka saa tatu asubuhi. Sufuria inajaa mikono. Huyu kashika faili, yule anangoja, hata vikohozi vinachelewa kufika. Hospitali nzima inakodoa macho kwenye vioo, na kila mtu anapiga simu kwa mtu mmoja, na mtu huyo anajibu neno moja.

Aliandika barua kwa mkuu wake. Huyo tulimwita Bwana Tai, kwa ajili ya tai shingoni hata jua likiwa la kukaanga. Barua ya kwanza aliomba kabati la pili. Ya pili aliikumbusha ya kwanza. Ya tatu iliomba jambo dogo, ufunguo. Maana paa la chumba cha baridi lilivuja, seva ya tatu ikahamishiwa ng'ambo ya uani, kwenye chumba kilichokuwa cha kufulia mashuka, na ufunguo wa chumba hicho unakaa mfukoni mwa Bwana Tai. Feni iliwahi kuibwa, kwa hiyo usalama. Subiri akitaka kuiona mashine yake anaomba kama anaomba chumvi kwa jirani. Barua zilifika sita. Jibu lilikuwa moja, limechapwa vizuri: ombi lako linashughulikiwa.

Katikati ya hayo mdogo wangu akaugua. Alikuwa anatokwa damu na umri wake wa damu umeshapita, akaficha, akasema nimechoka tu. Kansa ya shingo ya kizazi. Daktari akasema tumeiwahi, ataingia kwenye mionzi mara ishirini na tano, kila siku ya kazi, na asikatishe. Hilo alilirudia mara tatu akitunyooshea kalamu: asikatishe. Ukikatisha, kile kidude kinapata nafasi ya kujikusanya.

Nilikuwa nampeleka mimi. Mionzi ya tumboni ina jambo lake ambalo hawalisemi mpaka ufike. Kabla ya kuingia unakunywa maji chupa mbili, unakaa nayo, hukojoi. Kibofu kikijaa kinausukuma utumbo pembeni usiungue. Kwa hiyo pale nje kuna benchi refu, wanawake sita saba, watu wazima na wajukuu wao, wamebana miguu kama watoto wa chekechea. Na ile mashine ya mionzi haiwaki mpaka ilisome faili lako, limeandikwa ipige wapi, kwa pembe gani, kiasi gani. Faili hilo liko kwenye sufuria ya Subiri.

Siku kumi na nne zilikwenda. Zikichelewa, zinachelewa robo saa. Siku ya kumi na tano ikawa Jumanne.

Saa mbili na nusu walikuwa wameshakunywa maji. Saa mbili na dakika arobaini kijana wa mionzi akatoa kichwa mlangoni. "Akina mama, kompyuta imeshika faili. Vumilieni kidogo."

Muuza mkaa mmoja, mwanamke mnene mwenye mdomo kunizidi, akasema, "Mwanangu, vumilia ni neno la mtu aliyekojoa."

Benchi likacheka, halafu likajuta kucheka.

"Msinichekeshe," mdogo wangu akasema. "Dada, mwambie anyamaze. Nakufa mimi."

"Mimi nikipiga chafya tu mnaita zimamoto," muuza mkaa akaendelea.

Saa tatu hakuna aliyecheka tena. Mdogo wangu alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, jasho linamtiririka nyuma ya masikio. Huyu mwanamke hajawahi kutoka nje na ushungi uliopinda. Akaniambia polepole, hanitazami, "Dada, ikinitoka hapa mbele za watu, mimi kesho sirudi. Nakuapia. Bora nife kwangu."

Namjua. Alikuwa harudi kweli.

Nikainuka nikaenda chumba cha baridi. Walinzi wananijua, hakuna aliyeniuliza. Nikamkuta amesimama mbele ya kioo, kalamu mdomoni.

"Mama yako yuko kwenye benchi."

"Najua, mama mkubwa."

"Unajua nini? Umemwona?"

"Seva ya tatu haijibu. Nimeiita kwa njia zote. Faili la mionzi analo yeye, na alama yake haijaguswa dakika nyingi. Nasubiri ufunguo, nikaizime kwa mkono wangu, halafu ndiyo nimnyang'anye."

"Imekufa?"

"Naona kama imekufa."

"Basi imekufa."

"Sijahakikisha. Leo kabati limejaa sana. Inawezekana anakohoa, kikohozi hakijafika."

Simu ikalia, akaiweka sauti ya nje. Bwana Tai. "Wewe Subiri, daktari mkuu kanipigia mara mbili. Hilo kufuli la faili linakushinda nini kuondoa?"

"Bosi, naomba ufunguo wa chumba cha mashuka. Dakika mbili tu. Namtuma mtu aje kuuchukua."

"Niko kwenye kikao cha watu wazito, natoka saa nne. Tumia akili yako." Akakata.

Mwangalieni huyo. Hakusema vunja, hakusema usivunje. Nimezeeka nikikutana na watu wa namna hiyo na bado sijajua wanafundishwa wapi.

Subiri akasema, "Saa nne. Mama mkubwa, mwambie mama akakojoe. Akojoe tu, anywe tena maji, tutaanza upya. Mwambie nimesema mimi."

Hapo ndipo nilipopaswa kugeuka, nikamwambie mdogo wangu aende chooni. Ingekuwa imekwisha. Lakini kwenda chooni ni kuanza tena chupa mbili na saa nzima, na foleni inakuruka, na nilishachoka. Miezi yote nasikia subiri, subiri, wakati wengine wanafanya kazi zao na kurudi nyumbani. Nikamwambia maneno ambayo nayakumbuka yote, kwa mpangilio wake.

"Tangu mtoto unabisha mlango wa choo kisicho na mtu. Mume kakushinda kwa kusubiri, leo mama yako ajikojolee mbele ya watu kwa ajili ya choo chako kitupu? Hakuna mtu humo. Sukuma mlango."

Aliniangalia. Macho yalikuwa ya yule mtoto wa kwenye bati, na miguu kaibana vilevile. Halafu akageuka, akaandika maneno machache, kioo kikamwuliza kitu, akakijibu. Kikamwuliza tena. Akakijibu.

"Tayari," akasema. Kalamu ilikuwa bado mdomoni.

Nilipofika kwenye benchi walikuwa wameshaita wa kwanza. Wa pili, mdogo wangu. Alitembea hatua fupifupi lakini alitembea, na alipotoka alipitia chooni, akatoka na ushungi wake umenyooka, anacheka. "Dada, nimefika mkavu!" Muuza mkaa akampigia makofi. Nikajisemea, unaona, kumbe ilikuwa inataka mtu wa kuisukuma. Niliingia barabarani kifua mbele.

Saa nne Bwana Tai akatoka kwenye kikao. Subiri akapewa ufunguo, akafungua chumba cha mashuka. Seva ya tatu ilikuwa hai, taa zake zote zinapepesa. Watu wa mabomba walikuwa wameegemeza ngazi ukutani ili wazibe mfereji wa paa, ngazi ikakata waya mmoja, ule wa kuzungumza na wenzake. Ule wa kwenda kwenye kabati ulipita chini ya ardhi, haukuguswa. Kwa hiyo muda wote ule alikuwa kazini, anaandika kwenye faili lake, anakohoa, na kikohozi kinakwama njiani kwa msongamano. Na sisi tukampa mwingine faili lilelile. Waliandika wawili saa nzima kasoro.

Wagonjwa sabini na mmoja. Ukifungua faili la huyu, kuna pembe za yule na kiasi cha mwingine, mengine hayafunguki kabisa. Mtu wa mionzi alizima mashine akasema simchomi mtu kwa makaratasi ya mashetani, na alisema kweli. Nakala nazo! Ile ya usiku ilikuwa haijaisha, imekatikia katikati. Kumbe na za wiki nyingi nyuma zilikuwa zinakatika hivyohivyo kila asubuhi. Barua ya nne ilisema hilo, ya tano pia. Nakala nzima ya mwisho ilikuwa ya wiki tano nyuma. Mdogo wangu alikuwa ameanza mionzi wiki tatu tu nyuma.

Ikabidi apimwe upya, apangiwe upya, kama mtu mgeni. Na wengine sabini wanataka hivyohivyo, na mashine ya kupimia ni moja. Alikaa nyumbani siku ishirini na tisa. Anashona. Damu ilikuwa imekoma, ikarudi siku ya kumi na tisa. Aliporudi kwenye benchi, muuza mkaa hakuwepo, na hakuna aliyeuliza. Daktari alitazama picha mpya muda mrefu. Hakunyoosha kalamu safari hii.

Walimweka Subiri kikao. Bwana Tai akasema, na tai yake, kwamba yeye hakutoa amri ya kuvunja kufuli lolote, na mtaalamu alikuwa na uhuru wa kutumia akili yake. Wakamwuliza Subiri nani alimwambia avunje. Akasema, "Niliamua mwenyewe." Wakamwuliza kama alikuwa na mtu chumbani. Akasema hakukuwa na mtu.

Nilikuwa nje ya mlango ule, kwenye kiti cha plastiki, nasikia kila neno. Ningeweza kubisha. Nikajiambia nitasema mdogo wangu akishapona, maana akijua sasa atakufa kwa uchungu kabla ya ugonjwa. Aliishi miezi mitano tu. Na miezi yote hiyo, kila aliyekuja kumwona alimsimulia habari ile ile: binti yangu, hata kama wamemfukuza, siku ile aliniokoa na aibu, niliingia mkavu. Anasema hivyo binti yake amekaa pale miguuni, anamkanda nyayo. Na mimi nimekaa kichwani. Tulikuwa hatutazamani.

Tumemzika. Bwana Tai kapandishwa cheo, yuko makao makuu. Nasikia kabati la pili limenunuliwa, na ufunguo wa chumba cha mashuka sasa unaning'inia kwenye msumari, yeyote anachukua. Simsamehe yule mtu. Na Subiri simsamehe, maana alikuwa anajua kazi yake na akaniachia mimi, kibibi cha fagio, niifanye. Mimi mwenyewe ndiyo kabisa.

Siku hizi yuko kwenye kibanda cha kutoa fotokopi, karibu na shule. Mashine moja, mtu mmoja, karatasi inaingia huku inatokea kule. Jina lile hawalijui huko. Nilimpelekea chakula mwezi uliopita, nikakaa kwenye boksi la karatasi. Akatoa nakala za mtoto fulani wa shule, akazipanga, akazibana. Mtoto alipoondoka akasema, bila kugeuka, "Mama mkubwa, ningesubiri, angejikojolea tu. Tungefua."

"Asingerudi kesho yake," nikasema. "Aliniapia."

"Angerudi. Ningembeba."

Nikakusanya bakuli zangu.

Juzi alikuja kwangu kuchukua cherehani ya mama yake, niliyomwekea tangu msiba. Nilikuwa chooni. Choo ni kilekile, bati lilelile. Mlango ukasukumwa mara moja, puu, akanikuta nimechuchumaa. Aliniona, akaurudishia, akaenda zake kubeba cherehani. Hakubisha, na hakusema samahani. Nilikohoa, lakini alikuwa ameshafika getini.